Miti ya Bakuli

Katika nyumba ya Bi Zamda, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, wapangaji waligombania kila kitu: zamu ya kufagia ua, moshi wa kuni, kamba ya kuanikia nguo, na nani aliyeacha mlango wa choo wazi. Lakini mwaka wa hamsini na nne magomvi hayo yote yaliwekwa kando, maana walipata jambo moja la kuwaunganisha. Walimchukia Theophil.

Si kwamba Theophil alikuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mrefu, mkavu wa mwili na mkavu wa maneno, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, aliyepigana na Wajapani huko Bama. Ukimsalimia asubuhi aliitikia kwa pua. Mchana alilinda bohari ya vitambaa ya Tulsidas, Mtaa wa Kichwele, na akirudi hakukaa barazani na wanaume wenzake, hakucheza bao, hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alipita moja kwa moja hadi kona ya nyuma ya ua, akachuchumaa mbele ya miti yake.

Miti yenyewe ilikuwa mivinje, ile ile inayovuma ufukweni upande wa Magogoni na kupita mapaa ya nyumba. Ila ya Theophil ilikaa ndani ya mabakuli ya bati yaliyotobolewa chini, na mkubwa kuliko yote haukumfika mtu gotini. Mashina yake yalikuwa manene, yenye magamba ya uzee, na matawi yamelalia upande mmoja kana kwamba upepo wa kusi umeyapiga miaka na miaka. Mtu akiinama na kufumba jicho moja angeweza kudhani anautazama ufukwe mzima kutoka mbali. Watu wa nyumba ile hawakuinama. Walichokiona wao ni waya wa shaba, uliozungushwa kwenye kila tawi kama kamba kwenye mkono wa mfungwa.

Ufundi huo Theophil aliupata kwa chuki. Vita vilipokwisha, kikosi chake kiliwekwa milimani kulinda mateka wa Kijapani waliokuwa wakitengeneza barabara. Alikuwa amemzika rafiki yake Vitalis katika bonde la Kabao huko huko Bama, na kila Mjapani aliyemwona alimwona kama ndiye aliyefyatua risasi ile. Miongoni mwa mateka alikuwapo mwanamume wa makamo aliyeng'oa mche wa msonobari kando ya barabara, akaukata mzizi mkuu, akaupanda ndani ya kopo la nyama. Theophil alilipiga kopo teke. Yule mateka akauokota mche, akaipangusa mizizi kwa kidole, akaupanda tena bila kumtazama. Kesho yake teke jingine, na mche ukapandwa tena. Aliyechoka mwanzo ni Theophil. Akawa anakaa juu ya jiwe, bunduki mapajani, akimtazama mateka wake na kumngojea akosee.

Hakukosea. Theophil aliona jinsi anavyovunja kwa kucha vile vichipukizi vinavyosimama kama mishumaa, akiondoa vikubwa na kuacha vidogo, ili nguvu ya mti irudi ndani. Aliona jinsi anavyoviringisha waya wa simu kwenye tawi, akilikunja kidogo leo na kidogo wiki ijayo, kisha kuufungua waya kabla haujala gome. Hawakusemezana neno. Siku malori yalipokuja kuwachukua mateka, Theophil alinyoosha mkono kuliomba lile kopo. Yule mtu akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaushika mti kwa vidole viwili, akauvunja shingo.

Basi Theophil alirudi Tanganyika na hasira yake na ufundi ambao hakujua aufanyie nini. Alijaribu kwanza misonobari yenyewe. Dereva mmoja wa lori la mbao alimletea miche kutoka Lushoto. Joto la Dar es Salaam likaigeuza rangi ya kutu, ikafa yote. Ndipo akageukia mvinje, ambao kwa mbali unafanana na msonobari, na hauogopi jua wala chumvi. Alikata, alipogoa, alikunja, alifungua, alifunga tena. Mikono yake, iliyokuwa mizito kwa kila kitu kingine, ilikuwa miepesi hapo tu.

Mkewe, Severa, alikuwa na kinyongo chake. Maji ya miti ile yeye ndiye aliyeyabeba kichwani kutoka bomba la mtaani.

"Watoto wako wako Masasi kwa mama yangu, wanakujua kwa jina tu," alimwambia siku moja akitua ndoo. "Hivi vilema vyako ndivyo vinavyokunywa maji yangu asubuhi na jioni."

"Si vilema."

"Umevikata miguu, umevifunga mikono. Basi nipe jina lao jingine."

Theophil aliinamia bakuli. Alikuwa akikunja tawi, na tawi halikunjwi na mtu anayebishana.

Chumba cha mkabala walikaa Kasmir na mkewe Angelina, watu wa Songea. Kasmir alipakua mizigo bandarini. Yeye ndiye aliyemtafutia Theophil chumba katika nyumba ile, na siku za mwanzo Angelina alimwita Theophil shemeji na kumwekea kipande cha muhogo. Kisha mimba yake ya kwanza ikaharibika, na ya pili pia. Mwanamke aliyepoteza mara mbili hutazama pembeni na nyuma, akitafuta ni nani aliyemfunga kizazi. Kila asubuhi akifungua mlango wake, kitu cha kwanza kilichomkabili kilikuwa kile kikosi cha miti iliyofungwa waya, iliyonyimwa mizizi, isiyoruhusiwa kuzaa tawi ila lile alilolitaka bwana wake.

Hakumwambia kitu usoni. Alisema na sufuria. "Nyumba za wenzetu zina panya," aliiambia sufuria akiisugua kwa mchanga, "yetu sisi ina mfungaji." Wanawake wengine waliguna. Theophil alisikia, akakata kichipukizi kimoja, akakitupa upande wake.

Kile kitendo cha kutupa ndicho kilichokumbukwa baadaye. Maana Angelina alipata mimba ya tatu, ikakua, tumbo likaonekana, wanawake wakaanza kumshonea nepi kwa siri. Mwezi wa saba wa mimba uchungu ukamshika na mtoto akatoka hana uhai. Wakamzika makaburini asubuhi, watu wachache. Theophil alikwenda kazini.

Siku ya pili baada ya maziko, Kasmir alimngoja uani. Wapangaji wote walikuwa wametoka vyumbani, kila mmoja na kisingizio chake. Mwingine alishika ufagio, mwingine chungio la chai.

"Theophil," alisema Kasmir, "nilikuita ndugu. Nakuuliza mbele ya watu. Ile miti umeifungia nini?"

"Ili ikunjike."

"Ikunjike iwe nini?"

"Iwe mizuri."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Kasmir akasogea. "Mwanamume mzima anatoka kazini, anakwenda kukata mti mizizi, anaufunga waya, anauzuia usikue, halafu anasema ni uzuri. Mke wangu amezika. Hukumpa hata pole. Ulikuwa unakata majani."

Hapo Theophil angeweza kusema pole. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliwaona wote wamesimama pale wakimngojea atingishike, na kiburi cha jeshini kikamsimamisha wima.

"Huwezi kuelewa," alisema.

Kasmir alinyanyua bakuli la karibu akalibamiza ukutani. Udongo ukamwagika, mti ukalala mizizi juu. Theophil akamrukia. Walipigana kimya kama watu wanaofanya kazi, wakagaragara kwenye maji machafu, hadi wanaume wanne wakawatenganisha. Kasmir alitema damu. Theophil alikuwa amechanika sikio.

Bi Zamda, mwenye nyumba, alitoka na kanga yake begani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, Mzaramo, asiyepaza sauti kamwe. "Nyumba hii niliachiwa na marehemu mume wangu," alisema, "na haijapata kumwagwa damu uani. Wewe Keya, miti hiyo itoke. Ikikaa, utatoka wewe."

Kesho yake Theophil alikodi mkokoteni, akaipakia miti yake yote na kuisukuma mwenyewe hadi Mtaa wa Kichwele. Tulsidas, tajiri wake, hakuwa mtu mbaya. Alisema iwekwe nyuma ya bohari, kwenye kivuli. Miti ilikuwa haijashuka yote pale mkewe, Ranjanben, aliposhuka ngazi kutoka ghorofani. Alisimama mbele ya bakuli moja kwa muda mrefu. Theophil akadhani ameupenda.

"Nani amekataza hii miti kukua?" aliuliza.

"Mimi, mama."

"Mti ukikatazwa kukua, nyumba inayouweka nayo haikui. Binti yangu Jaya anaolewa mwezi ujao." Akamgeukia mumewe. "Itoke leo."

"Ni mapambo tu," alisema Tulsidas.

"Itoke leo," alirudia Ranjanben, akapanda ngazi. Tulsidas akaanza kuchunguza kucha zake.

Theophil akausukuma mkokoteni kurudi Kariakoo katikati ya jua kali, akipita katikati ya wachuuzi, akitukanwa na wapanda baiskeli. Katika mji ule wote hapakuwa na mahali pa kuweka bakuli la udongo. Alipofika uani alikuta watu wameondoka. Wanaume wako kazini, wanawake sokoni. Alikuwapo Angelina peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, pale pale konani, amejifunga kanga ya msiba. Uso wake ulikuwa umekonda. Mbele yake, chini, ilikuwako koleo ya Theophil.

"Fungua," alisema.

"Nifungue nini?"

"Unajua. Fungua yote, nione kwa macho yangu."

Theophil alishusha bakuli la kwanza. Alimwona kama adui aliyechimba handaki mahali pazuri. "Nikifungua," alisema, "mtasema nilikuwa nimefunga."

"Usipofungua, tutasema bado umefunga. Chagua."

Alikataa kuchagua. Alishusha miti yake, mmoja baada ya mwingine, na Angelina akamtazama hadi alipomaliza. Kisha mwanamke yule akaokota koleo, akauvuta karibu mvinje mmoja, akabana ncha ya waya na kuivuta kwa nguvu zake zote. Gome likabanduka. Tawi likalia, likapasuka ubavuni, na Theophil akaisikia sauti ile ndani ya meno yake.

"Si hivyo."

"Basi vipi?"

"Usivute. Waya umeshazoea mwili wa mti, ukiuvuta unaondoka na ngozi. Kata kipande kipande. Shika hapa chini, tawi lisitingishike. Sasa kata."

Angelina alikata. Kipande kikaanguka. Akakata kingine. Theophil alikwenda chumbani kuchukua koleo ya pili, akakaa upande wa pili wa bakuli, naye akaanza. Hawakuwa wamepatana. Kila mmoja alikuwa anamchukia mwenzake kwa moyo wote, na waliifanya kazi ile kwa namna hiyo hiyo, bila kugusana mikono, bila kuinua macho. Matawi mengine yalibaki pale pale yalipokunjwa. Machanga yaliinuka kidogo, polepole, kama mtu anayeondokewa na mzigo begani.

"Inaumia?" aliuliza Angelina katikati ya kazi.

"Sijui."

"Hujawahi kujiuliza."

Adhana ya magharibi ilipolia, waya wa mwisho ulikuwa umekatwa. Wapangaji walikuwa wamesharudi, wamesimama milangoni, hakuna aliyethubutu kuwasha moto. Angelina alikusanya vile vipande vya shaba kwenye ncha ya kanga yake, akafunga fundo, akasimama. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya kufika kila chumba.

"Amefungua."

Milango ikafunguka hadi mwisho. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele kidogo cha hofu. Theophil alibaki amechuchumaa na koleo yake mkononi, akaelewa alichokifanya. Asubuhi yake Bi Zamda alimpa notisi ya kuhama, bila hasira, akimtazama kana kwamba yuko mbali.

"Bibi, mimi sikumfunga mtu," alisema Theophil.

"Asiyefunga hana cha kufungua," alijibu Bi Zamda.

Severa alikusanya vyombo bila kumsemesha. Walihamia Buguruni, wakati huo bado mashamba ya mihogo na mikorosho, kwenye kibanda cha udongo ambacho mwenye shamba alifurahi kupata mtu wa kukikalia. Ranjanben alipopata habari, Tulsidas alimwachisha Theophil kazi bila kusema sababu, naye hakuiuliza. Akawa mkulima wa mihogo, kazi aliyoikimbia Masasi alipojiunga na jeshi. Miti aliipanga nyuma ya kibanda, na baada ya mvua akaanza kuikunja upya.

Mwaka uliofuata habari ilifika Buguruni kabla ya mtu yeyote kuombwa ailete: Angelina amejifungua mtoto wa kiume, mzima, analia kama ng'ombe. Mtaa wa Mchikichi walisherehekea mara mbili, mara moja kwa ajili ya mtoto na mara moja kwa ajili ya kuthibitika kwa mfungaji. Tangu hapo Theophil akipita sokoni Kariakoo na gunia lake la mihogo, wanawake wajawazito waliovuka barabara kumkwepa walikuwa wengi. Mwanamume mmoja alimtemea mate miguuni. Theophil akayatazama mate, akapita.

Walikutana uso kwa uso upande wa wauza samaki wakavu, yeye na gunia begani, Angelina na mtoto mgongoni. Theophil alitaka kupita. Angelina alimzuia kwa mkono, akatazama kushoto na kulia.

"Nisikilize, nitasema mara moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Baada ya ile maiti nilikwenda hospitali ya serikali. Daktari alitupima damu, mimi na Kasmir. Ilikuwa kaswende. Kasmir aliipata huko kwake bandarini, akaniletea. Tulichomwa sindano wote wawili. Miti yako haikuwa na neno."

Theophil alitua gunia. "Ulijua lini?"

"Kabla mtoto hajazaliwa."

"Na hukusema."

"Nikisema, mume wangu ataaibika, na mimi, na huyu." Alimgusa mtoto bila kugeuka. "Wewe umeshaaibika tayari. Aibu moja inatosha."

"Kwa nini unaniambia, basi?"

Angelina alifikiri. "Kwa sababu silali vizuri. Lakini usidhani nimekusamehe. Siku ile nimezika, ulikwenda kazini. Hilo halikuwa la kaswende."

"Sijakuomba msamaha," alisema Theophil.

"Najua. Ungeuomba, labda ningesema mbele ya watu." Akakaza kanga ya mtoto, akaenda zake kununua samaki.

Theophil alimweleza Severa jioni ile, kwa maneno machache. Severa, ambaye tangu wahame alimpikia kama anayempikia mfungwa, aliacha kumenya. "Nenda kaseme," alisema. "Nenda kasimame mlangoni kwa Bi Zamda uwaambie wote."

"Nani atanisikiliza? Watasema mchawi anamsingizia mtu kaswende."

Severa akasema tusi moja la kwao ambalo Theophil hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Hakusema limwendee nani. Kesho yake maji ya miti aliyateka bila kunung'unika, ingawa aliyamwaga kwa nguvu.

Ndipo walipoanza kuja wanawake. Wa kwanza alikuja kwa njia ya shambani, amejifunika uso, na kuku mweusi kwapani. Alisema ameambiwa yuko mzee wa Keya anayejua kufungua. Theophil alimfukuza kwa jembe. Akaja mwingine kutoka Msimbazi, na mwingine kutoka mbali zaidi, wote wamezika watoto au hawajapata kabisa. Kila aliyefukuzwa alisimulia ukali wake, na ukali wenyewe ukawa ndio sifa. Mganga mpole nani anamwamini.

Mmoja alikataa kuondoka. Aliitwa Benedikta, mwanamke wa miaka kama thelathini, na alikaa chini ya mkorosho tangu asubuhi, kuku wake kamfunga miguu, akimtazama Theophil akipogoa. Jua lilipogeuka, Theophil akashindwa kuvumilia.

"Mimi sifungui mtu," alimfokea. "Sikuwahi kumfunga mtu. Hii ni mivinje. Umezika wangapi?"

"Watatu, baba."

"Nenda hospitali ya serikali, waambie wakupime damu. Na mumeo umchukue, apimwe naye. Akikataa, mpeleke kwa fimbo. Wakiwachoma sindano, mchomwe zote. Usirudi hapa."

"Na kuku?"

"Ondoka na kuku wako."

Benedikta akapiga magoti, akasimama, akaondoka haraka. Barabarani alikuwa akimngojea dada yake, na Theophil aliwasikia wazi wakielekea mjini. "Masharti yake magumu," Benedikta alikuwa akisema. "Kuku hakumpokea. Lakini amesema lazima na mwanamume aende, tena kwa fimbo."

"Basi huyo ni wa kweli," alisema dada mtu. "Wale wa uongo hawamgusi mwanamume."

Theophil aliwatukana wote wawili kwa Kimakua, wao na ukoo wao na yeyote aliyewaelekeza njia. Hawakugeuka. Akaokota mkasi, akauvuta karibu mvinje aliokuwa akiushughulikia, akatafuta kichipukizi kirefu kupita vyote, akakikata.